Je, Wajua? Vumbi, Magendo na Kamera

Ukitazama Interstellar, filamu ya mwaka 2014 ya Christopher Nolan kuhusu wanaanga wanaotafuta dunia nyingine ya kuhamia, utawaona mwanzoni wazee wakisimulia maisha ya vumbi: upepo usiokoma, na sahani zilizopangwa mezani kifudifudi ili zisijae mchanga kabla chakula hakijapakuliwa. Mmoja wao ni mwigizaji, Ellen Burstyn. Wengine hawaigizi. Ni Wamarekani waliokuwa watoto katika miaka ya 1930, na maneno yao yalichukuliwa kutoka The Dust Bowl, filamu ya makala ya Ken Burns iliyorushwa mwaka 2012. Nolan alihitaji watu wa kuelezea mwisho wa dunia, akawakuta wapo, tena walishauona.

Wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania wamekutana na kipindi hicho, cha katikati ya vita vikuu viwili, kupitia Mdororo Mkuu wa Uchumi na jinsi ulivyoporomosha bei ya mkonge. Kitabu cha darasani hueleza mdororo ulifanya nini huku kwetu. Sinema inaweza kumwonyesha kijana ulikoanzia. Ila kila filamu ina miaka miwili: mwaka inaousimulia na mwaka iliotengenezwa. Anayesahau wa pili hudanganywa kirahisi, na wakati mwingine anayedanganya ni mwongozaji hodari kabisa.

Je, wajua kwamba serikali ya Marekani iligeuka mtengenezaji wa sinema?

Mwaka 1936 idara ya serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliyoshughulikia kuwahamisha wakulima maskini ilitoa filamu iitwayo The Plow That Broke the Plains. Aliyepewa kazi, Pare Lorentz, alikuwa mhakiki wa sinema. Alikuwa ameandika mengi kuhusu filamu za wengine lakini hakuwa ametengeneza hata moja. Studio za Hollywood hazikufurahia serikali kuingia sokoni mwao na zilimnyima hata vipande vya picha za zamani alivyotaka kununua; mwongozaji King Vidor ndiye aliyemsaidia kuvipata. Filamu ilipokamilika, wasambazaji wakubwa waliikataa, ikabidi Lorentz aipeleke mwenyewe kwenye majumba ya sinema ya watu binafsi.

Haifiki nusu saa, na haina mahojiano wala mwigizaji anayezungumza. Kuna muziki wa Virgil Thomson, sauti ya msimulizi, na nyanda zilizokuwa na majani hadi jembe lilipofika. Maelezo yake ni kwamba bei ya ngano ilipopanda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakulima walilima kila kipande cha ardhi, mizizi ya nyasi iliyoshika udongo ikang'olewa, na ukame ulipoingia udongo ukapaa. Wapo wakazi wa nyanda zile waliochukia kuonyeshwa hivyo, na hoja yao haikuwa ya kijinga: filamu ya serikali inayomlaumu mkulima kwa jembe lake haina haraka ya kuuliza nani alimhimiza kulima. Hata hivyo ningeanza na hii. Ni fupi, na kwa kuwa ni kazi ya serikali haina mwenye haki miliki, kwa hiyo kuitazama ni bure.

Baada yake ndipo uende kwa Burns. Filamu yake ina saa nne, na ndani yake utaikuta Jumapili Nyeusi, tarehe 14 Aprili 1935, siku ukuta wa vumbi ulipovuka nyanda na kuufanya mchana kuwa giza la kutisha. Majira hayohayo mtaalamu wa udongo Hugh Bennett alikuwa akiwashawishi wabunge mjini Washington watunge sheria ya kuhifadhi ardhi, na vumbi lililotoka mamia ya maili magharibi likafika hadi mjini humo wakati hoja ikijadiliwa. Mtetezi gani wa mazingira amewahi kupata shahidi wa namna hiyo? Sheria ilisainiwa tarehe 27 Aprili.

The Grapes of Wrath ya John Ford, iliyotoka mwaka 1940, inawafuata waliofukuzwa na hali hiyo hadi California. Riwaya ya John Steinbeck ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia na ilikuwa imewakasirisha wenye mashamba makubwa, ndiyo maana wapiga picha walipokwenda kazini barabarani walitumia jina la uongo, Highway 66, ili wasizuiwe. Wanafunzi huambiwa filamu imefuata kitabu. Si kweli kabisa. Kambi safi ya serikali, ambako familia ya Joad, wahusika wakuu, inatendewa kiutu, kwenye riwaya inakuja kabla ya mambo kuharibika zaidi. Kwenye filamu imesogezwa karibu na mwisho. Matukio ni yaleyale, lakini mtazamaji anatoka na tumaini ambalo msomaji hakupewa.

Robo milioni ya vijana juu ya mabehewa

Hili ndilo ningemwonyesha kijana kabla ya mambo ya Al Capone, jambazi wa Chicago. Wakati wa mdororo, vijana wapatao 250,000 waliondoka makwao na kuishi kwa kudandia treni za mizigo, wakihama mji kwa mji kutafuta kibarua au sahani ya chakula. Baadhi walitoroka ugomvi, wengine waliona mezani pana midomo mingi kuliko mikate. Filamu ya makala Riding the Rails ya mwaka 1997 iliwakuta wakiwa wazee na kuwaacha waongee. Baadhi bado walikumbuka raha ya upepo juu ya behewa. Kisha wanataja njaa, na polisi wa reli, na sauti zinabadilika.

Sasa itazame pamoja na Wild Boys of the Road, iliyotengenezwa mwaka 1933 mambo yenyewe yakiendelea. Aliyeiongoza, William Wellman, alikuwa rubani wa vita katika Vita Kuu ya Kwanza, na filamu yake Wings ndiyo iliyoshinda tuzo ya filamu bora katika sherehe ya kwanza ya Oscar mwaka 1929. Wild Boys ni kali. Kijana mmoja anakatwa mguu na treni, polisi wanawafukuza watoto kwa mabomba ya maji. Halafu, dakika za mwisho, anatokea hakimu mwenye huruma anayefanana na Roosevelt, nyuma yake ukutani pana tai wa mpango wa serikali wa kufufua uchumi, na mambo yote yananyooka. Studio ndiyo iliyotaka mwisho huo. Unaonekana ulivyobandikwa.

Serikali kweli ilikuwa na jibu lake, ila si la hakimu mmoja. Kuanzia 1933 hadi 1942 vijana wa kiume wapatao milioni tatu walipitia kambi za kazi za Civilian Conservation Corps wakipanda miti na kujenga njia na mabwawa. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi.

Juu ya mabehewa hayohayo ilianza kesi ya Scottsboro. Tarehe 25 Machi 1931 vijana tisa weusi, mdogo wao akiwa hajafikisha miaka 14, waliteremshwa kwenye treni ya mizigo huko Alabama wakasingiziwa kuwabaka wasichana wawili wa kizungu. Wanane walihukumiwa kifo ndani ya wiki chache. Msichana mmoja, Ruby Bates, baadaye alikana mahakamani kwamba jambo hilo lilitokea, na bado baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani mshtakiwa aliyekuwa mbele yake. Filamu ya makala Scottsboro: An American Tragedy ya mwaka 2000 ina picha na maelezo mengi ya kesi hiyo. Walimu wengi hupendelea kuonyesha To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962, nayo inahusu kesi ya namna hiyo Alabama ya miaka hiyo. Ni filamu nzuri. Lakini shujaa wake ni wakili mzungu, na mshtakiwa mweusi hapati nafasi kubwa ya kusema. Zitazame zote mbili, kwa kuanza na ile ya makala.

Sheria iliyokataza pombe haikukataza kunywa

Marekebisho ya 18 ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika Januari 1920, yalipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo. Kunywa kwenyewe hakukutajwa. Aliyekuwa na akiba ghalani kabla ya siku hiyo aliendelea kujimiminia nyumbani kwake bila kosa, madaktari waliruhusiwa kuandika wiski kama dawa, na makanisa yalibaki na divai ya ibada. Desemba 1933 marufuku ilifutwa, na hadi leo hayo ndiyo marekebisho pekee ya Katiba ya nchi hiyo yaliyowahi kufutwa na mengine. Ken Burns na Lynn Novick walitengeneza Prohibition, sehemu tatu, mwaka 2011. Wanatumia muda mwingi kwa wanawake waliopigania marufuku kwa sababu ya waume walevi, jambo ambalo filamu za majambazi hulisahau.

Tukija kwa majambazi: The Untouchables ya mwaka 1987 inamwonyesha ofisa wa serikali Eliot Ness akimtupa Frank Nitti, mtu wa Capone, kutoka juu ya paa. Ni uzushi. Nitti aliishi hadi 1943 akajiua kwa bastola. Kwenye filamu hiyohiyo, jaji anaamuru baraza zima la wazee wa mahakama libadilishwe na la chumba kingine kwa sababu limehongwa, na mtazamaji mwerevu hujisemea kwamba hapo wametia chumvi. Kumbe hapo ndipo penye ukweli. Jaji James Wilkerson alibadilisha kweli wale walioandaliwa kusikiliza kesi ya Capone, ingawa alifanya hivyo kabla kesi haijaanza, si katikati yake. Oktoba 1931 Capone alipatikana na hatia ya kukwepa kodi, akafungwa miaka 11. Damu yote iliyomwagika Chicago haikumfikisha gerezani. Kodi ya mapato ilimfikisha.

Scarface ya kwanza, ya Howard Hawks, ilitoka mwaka 1932 Capone akiwa ndiyo kwanza ameanza kifungo. Wakaguzi waliona jambazi wake anavutia mno. Watengenezaji wakaongezewa sharti baada ya sharti, hadi ikapigwa picha ya mwisho mwingine ambamo jambazi ananyongwa kisheria. Mwigizaji mkuu, Paul Muni, hakuwepo siku hizo, ndiyo sababu katika mwisho huo uso wa mnyongwaji hauonekani. Mzazi ajue: ni filamu ya bunduki tangu mwanzo, na The Untouchables ina damu zaidi.

Mvutano huo ulizaa kitu kikubwa. Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa mwaka 1930 lakini zilidharauliwa hadi katikati ya 1934, zilipowekewa meno. Kuanzia hapo mhalifu hakuruhusiwa kufanikiwa, na mapenzi baina ya mweusi na mzungu hayakuruhusiwa kuonyeshwa. Kanuni zilidumu hadi 1968. Kwa hiyo filamu ya 1932 inaweza kuwa na ujasiri kuliko ya 1942, kinyume na tunavyodhani kwamba dunia inafunguka kadiri miaka inavyokwenda.

Je, wajua kwamba Harvard haikuwepo?

The Great Debaters ya Denzel Washington, ya mwaka 2007, inasimulia wanamjadala wa Wiley, chuo cha watu weusi huko Texas, na inamalizika wakiwashinda Harvard. Chuo hicho kilikuwepo, mwalimu wao Melvin Tolson alikuwepo, na kijana wa miaka 14 James Farmer, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa shirika la CORE katika harakati za haki za kiraia, alikuwepo pia. Waliokutana nao mwaka 1935 na kuwashinda ni Chuo Kikuu cha Southern California, waliokuwa mabingwa wa taifa. Harvard iliwekwa kwa kuwa jina lake linajulikana hadi vijijini. Mimi naona walipoteza zaidi ya walichopata: ushindi wenyewe ulitosha.

Cinderella Man ya mwaka 2005 ina kosa la kuumiza zaidi. Bondia James Braddock alikosa kazi, akapokea msaada wa serikali, akarudi ulingoni, na kweli alizirejesha fedha za msaada alipopata uwezo. Mwezi Juni 1935 alimshinda bingwa wa uzito wa juu Max Baer. Ili hadithi inoge, Baer amefanywa katili anayejivunia kifo cha mpinzani wake. Baer halisi alisumbuliwa miaka mingi na kifo cha Frankie Campbell, aliyefariki baada ya pambano lao la 1930, na aliisaidia familia yake kwa fedha. Marehemu hana wa kumtetea mbele ya mwandishi wa skripti.

Mkanda uliopatikana Hispania

Oscar Micheaux alikuwa mkulima South Dakota, akaandika vitabu na kuviuza mwenyewe mlango kwa mlango, kisha akaingia kwenye sinema. Within Our Gates, aliyoitoa mwaka 1920, ndiyo filamu kongwe zaidi iliyosalia ya mwongozaji mweusi wa Marekani. Inaonyesha bila kificho watu weusi wakiuawa na umati wa wazungu, na ilitoka miezi michache baada ya machafuko ya rangi ya Chicago ya 1919, kwa hiyo wakaguzi wa mji huo walihofu kuiruhusu. Baadaye ilipotea kabisa. Nakala moja ilipatikana kwenye hifadhi ya filamu nchini Hispania, ikiwa na jina La Negra na maandishi ya Kihispania, ambayo ilibidi yarudishwe Kiingereza. Ilikarabatiwa mwaka 1993.

Bahati hiyo ni ya nadra. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulikuta kwamba katika filamu ndefu za kimya karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, asilimia 14 tu zimesalia katika umbo lake la awali. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa kemikali inayoshika moto upesi, na sauti ilipoingia studio nyingi ziliona filamu za kimya ni takataka.

Sauti yenyewe iliingia kwa kuchungulia. The Jazz Singer ya Oktoba 1927, inayosifiwa kuwa ndiyo ya kwanza kuzungumza, ina nyimbo kadhaa, lakini maongezi yanayosikika hayazidi sana dakika mbili. Kwingine kote ni maandishi. Nyota wake, Al Jolson, anaimba akiwa amejipaka masizi usoni kumwiga mtu mweusi, na kijana anapaswa kuelezwa hilo kabla hajakutana nalo. Miaka tisa baadaye Charlie Chaplin alitoa Modern Times, kejeli ya kiwanda, na akakataa kumpa sauti kibarua wake. Angalia vizuri: karibu kila sauti ya mtu humo inatoka kwenye mashine, iwe skrini ya bosi, santuri au redio. Chaplin anapofungua kinywa hatimaye, anaimba maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote.

Tembo wa Tarzan walivaa masikio ya bandia

Afrika Mashariki ilikuwemo katika sinema ya miaka hiyo, kwa jinsi ilivyotakiwa iwemo. Martin na Osa Johnson, mke na mume kutoka Kansas, walikaa miaka kadhaa kando ya ziwa la Marsabit, Kenya, walilolipa jina la Paradise, wakipiga picha za wanyama zilizozaa filamu Simba mwaka 1928. Baadaye walirudi na ndege mbili zilizopakwa rangi, moja ikiwa na mistari ya pundamilia na nyingine mabaka ya twiga.

Mwaka 1929 studio ya MGM ilileta msafara wake kutengeneza Trader Horn, wakapita Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Miongoni mwa wahusika wakuu alikuwa mwigizaji wa Kiafrika, Mutia Omoolu, ambaye hata alipelekwa Hollywood kukamilisha kazi. Picha zilizobaki hazikutupwa. Zilichomekwa ndani ya Tarzan the Ape Man ya mwaka 1932, filamu ambayo nyota wake, muogeleaji Johnny Weissmuller, aliigizia California. Tembo waliotumika huko walikuwa wa Asia, wenye masikio madogo, kwa hiyo walibandikwa makubwa.

Picha zilizofungiwa kabatini

Kabla ya televisheni, Wamarekani waliona habari kwenye majumba ya sinema, katika mikanda mifupi iliyotangulia filamu kuu. Kilichoachwa nje ya mikanda hiyo ni historia kama kilichowekwa. Rais Roosevelt alipooza miguu kwa polio mwaka 1921 na alitembea kwa taabu akiwa na vyuma miguuni, lakini wapiga picha walizuiwa au walijizuia kumwonyesha hivyo. Mojawapo ya picha chache zinazomwonyesha akitembea ilipigwa mwaka 1937 na mchezaji wa besiboli, Jimmie DeShong, kwa kamera yake ya nyumbani. Ina sekunde 8, na umma haukuiona hadi 2013.

Kuna ambacho hakikutokea jinsi tunavyokiona. Ndege ya puto Hindenburg ilipolipuka huko New Jersey tarehe 6 Mei 1937, mtangazaji Herbert Morrison alikuwa akirekodi, hakuwa hewani. Sauti yake ya kilio ilisikika redioni baada ya tukio, na iliunganishwa na picha baadaye kabisa. Wengi huapa kwamba ilitangazwa moja kwa moja.

Na kuna kilichotokea, kikapigwa picha, kikafichwa. Tarehe 30 Mei mwaka huohuo, wafanyakazi waliogoma wa kiwanda cha chuma cha Republic, Chicago, waliandamana pamoja na wake na watoto wao. Polisi wakafyatua risasi. Watu kumi walikufa, wengi wao wakiwa wamepigwa mgongoni. Magazeti mengi yalieleza kwamba polisi walishambuliwa na umati wa wakorofi. Mpiga picha wa Paramount alikuwa na tukio hilo kwenye mkanda, lakini kampuni ilikataa kuuonyesha, ikidai utazusha ghasia ndani ya majumba ya sinema. Kamati ya Seneti chini ya Robert La Follette ikadai mkanda huo kwa nguvu ya sheria, maseneta wakautazama faraghani, na mwandishi Paul Anderson wa St. Louis Post-Dispatch akaandika alichoelezwa kuuhusu: watu wanakimbia, polisi wanawapiga risasi na virungu. Baada ya hapo Paramount haikuwa na namna, ikautoa. Mwaka 1997 picha hizo ziliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, na filamu ya makala Memorial Day Massacre: Workers Die, Film Buried, ya mwaka 2023, inaeleza safari yake yote kutoka mtaani hadi kabatini hadi Seneti.